Usimlaze Chali

Majeruhi wa risasi ya taya akikataa kulala, mwache akae. Ndilo neno la kwanza ninalowapa wauguzi wapya wanaopangiwa kazi Lamu, na ndilo gumu kulizoea, maana machela imetengenezwa ilaliwe, na jamaa waliokuja na mgonjwa wanapiga ukelele alazwe apumzike. Ulimi umejishikiza kwa mbele, kwenye mfupa ulio nyuma ya kidevu. Mfupa huo ukisagika, ulimi hauna tena kinachouzuia kurudi nyuma. Akikaa akainamia mbele, damu na mate hudondoka chini na njia ya pumzi hubaki wazi. Akilazwa chali, vyote humrudia kooni. Mwenyewe analijua hilo kabla ya daktari. Hawezi kusema, ila ukimsukuma kifua alale atakukamata mkono na kuubana hadi uumie.

Mimi nilifundishwa na utingo mmoja. Ilikuwa miaka ile baada ya shambulizi la Mpeketoni la Juni 2014, lililoua watu zaidi ya 60, na magari ya njia ya Garsen yalikuwa yakisubiriana yaende kwa msafara wa polisi. Gari lao lilimiminiwa risasi. Aliletwa Mokowe nyuma ya pikapu, na pale gatini watu wakataka kumnyoosha ndani ya boti. Nahodha, mtu mzima wa makamo, akawafokea: "Mwateni akae! Hamuoni ataka pumzi?" Akamkalisha kwenye ubao, uso chini, mtu mmoja kamshika mabega, na hivyo ndivyo walivyovuka hadi kisiwani. Kama nahodha yule angewasikiliza wale waliokuwa wakipiga kelele, sisi tungepokea maiti.

Zamu ile nilikuwa na klinikal ofisa mmoja wa makamo ambaye sote tulimwita Ami. Hakupandisha sauti kamwe, hata mara hiyo. Alimwacha kijana vilevile alivyokaa, akachuchumaa mbele yake, akaniambia nimfyonze damu kwa mashine ya mguu, kwa kuwa ile ya umeme ilikuwa haina nguvu. Kisha akatafuta ulimi ndani ya damu, akaushika kwa kipande cha shashi (bila shashi unateleza, huushiki), akapitisha sindano yenye uzi mnene katikati ya ulimi karibu na ncha, akauvuta mbele. Sauti ya pumzi ikabadilika papo hapo. Ile korokoro ikakoma, kikabaki kifua kinachopanda na kushuka. Uzi ule tukaubana kwa kibandiko kwenye kifua, na mimi nikaambiwa kazi yangu ni moja tu: nisiuache ulegee.

Meno yakawa somo la pili. Risasi ikigonga taya, meno na vipande vya mfupa hurushwa navyo vikawa risasi ndogondogo. Vingine hupasua ulimi, vingine shavu la upande wa pili, vingine mtu huvivuta kwa pumzi. Ami alinifanya niyahesabu. Nilitandaza shashi, nikapanga: meno manne. Pengo mdomoni lilikuwa la matano. Eksirei ya kifua ikatuonyesha la tano, chini upande wa kulia, ambako ndiko mara nyingi kitu kilichopaliwa huenda kwa kuwa bomba la upande huo ni pana na limenyooka zaidi. Tangu hapo, mtu akiletwa na mdomo uliovunjika nahesabu kwanza, na lisilopatikana linatafutwa kifuani hadi lionekane, au ijulikane kwamba halimo.

Uso humtisha mtazamaji. Tundu la kuingilia laweza kuwa dogo, lakini risasi ya bunduki ya vita, inayotoka mdomo wa mtutu kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde, huacha nguvu zake mwilini kwa namna nyingine kabisa na ile ya bastola inayokwenda nusu ya kasi hiyo. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Ndiyo maana unakuta shavu limefunguka kama tunda lililopasuka, ngozi inaning'inia, na wauguzi wageni wanakimbilia mkasi. Mkasi hapana! Uso una damu nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, na kipande cha ngozi kinachoonekana cheusi na kilichoshikiliwa na uzi mwembamba wa nyama mara nyingi hupona. Jeraha la risasi la paja au mkono tunalisafisha, tunakata nyama iliyokufa, tunaliacha wazi siku nne au tano ndipo lifungwe. Uso hatuufanyii hivyo. Tunauosha kwa maji mengi ya chumvi, tunaondoa vipande vilivyolegea kabisa na uchafu, tunarudisha kila kilicho hai mahali pake kwa mishono michache, tunamwachia mpasuaji atakayempokea. Ukikata kope au ukingo wa mdomo, hakuna mahali pengine mwilini pa kwenda kuuazima ukawa sawasawa na ule wa mwanzo.

Jicho nalo, likiwa limechomwa, halibonyezwi wala halipewi pamba. Tunalifunika kwa kitu kigumu kisichogusa mboni. Kitako kilichokatwa kutoka kikombe cha karatasi kinatosha.

Hayo ya uso. Shingo ndiyo inayoniondolea usingizi, na haina kishindo. Mtu anaingia kwa miguu yake, anazungumza, ameshikilia leso shingoni, anasema risasi imemkwaruza. Alikuja mmoja hivyo, mkulima wa upande wa Witu, akataka tumshone arudi kwa sababu ng'ombe wake hawajafungwa. Tundu lilikuwa dogo, ungeliziba kwa ncha ya kidole. Daktari kijana akanyoosha mkono achomeke kidole aone kina chake. Ami akamshika mkono, akamwambia kwa upole, "Baba, hapo pana bonge la damu limeziba. Ukilitoa, utalirudishaje?"

Mtindo huo ndio sahihi. Jeraha la shingo unalitazama, hulichokori. Unauliza kama limepenya ule msuli mwembamba ulio chini ya ngozi. Likipenya, mgonjwa harudi nyumbani hata akikuapia kwamba hajambo. Wapasuaji wameigawa shingo sehemu tatu: ya chini, kutoka mtulinga hadi kwenye pete ya gegedu iliyo chini ya kikoromeo, ya kati, kutoka hapo hadi pembe ya taya, na ya juu, kutoka pembe ya taya hadi chini ya fuvu. Ya kati ndiyo inayofunguka kirahisi kwenye meza ya upasuaji. Ya chini mishipa yake inatoka kifuani, ya juu imejificha nyuma ya taya, na hizo mbili zataka picha na mpasuaji mzoefu. Kwetu sisi tuliotenganishwa na mpasuaji huyo kwa maji na mamia ya kilomita, mgawanyo huo unatuambia jambo moja la maana: tupige simu sasa hivi au tuna nafasi ya kunywa maji kwanza.

Tunachokitafuta ni hiki. Uvimbe unaokua ukiutazama. Damu inayoruka kwa mapigo. Mapovu ya hewa yanayotoka jerahani anapokohoa. Mtetemo chini ya kidole, au sauti ya mvumo ukiweka stethoskopu. Mkono mmoja ulioishiwa nguvu. Na sauti, sauti ni shahidi mzuri. Yule mkulima tulimfanya aendelee kuzungumza, akatueleza habari za ng'ombe wake mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa ndama sauti ikaanza kukwaruza. Aliendelea kutabasamu. Ami akavaa glovu.

Damu ya ndani ya shingo haizuiliki kwa bandeji, na ukimfunga bandeji ya kuzunguka shingo unamnyonga. Unabonyeza kwa kidole mahali hasa inapotoka. Kidole kikishindwa, au kikichoka kabla ya safari kwisha, kuna njia iliyotokea kwenye hospitali za Afrika Kusini, ambako majeraha ya visu na risasi shingoni ni mengi: ule mpira wa mkojo wa kawaida wenye puto mwishoni. Unauingiza taratibu kwenye tundu lenyewe, unajaza puto kwa maji hadi damu isimame, unaubana mpira ili damu isipite katikati yake, kisha unashona ngozi kuuzunguka usichomoke. Mara ya kwanza kuuona nilidhani Ami amechanganyikiwa. Mpira uleule wa wodi ya wazee, kwenye shingo ya mtu! Mkulima alipelekwa Mombasa nao ukiwa umening'inia chini ya sikio, na alifika.

Kola ngumu ya shingo ni jambo ninalogombana nalo mpaka leo. Ajali za pikipiki zimetuzoesha kumvisha kila mtu. Kwa jeraha la risasi lisilo na dalili ya kupooza, kola haina faida iliyothibitika, na ina madhara: inaficha uvimbe unaokua, inafunika tundu, na inazuia mkono unaotaka kufungua njia ya pumzi. Nimekuta mtu amevishwa kola vizuri, mikanda yote imefungwa barabara, na chini yake shingo imefura hadi koo limehama upande.

Njia ya pumzi ikiziba juu, inafunguliwa chini. Pitisha kidole juu ya kikoromeo, shuka, utapata kibonde kidogo kabla ya ile pete ya gegedu. Hapo ndipo. Ngozi inakatwa kwa urefu, utando unakatwa kwa upana, kidole kinaingia kulinda tundu lisipotee, kisha bomba, namba sita linatosha kwa mtu mzima. Kwa mtoto mdogo haifanyiki hivyo, koo lake bado ni laini na jembamba. Kusema ni rahisi. Mikono inatetemeka, damu imejaa, taa imekatika. Ndiyo maana Ami alitufanya tujizoeze kwa makoo ya mbuzi. Kila Idi ya kuchinja alikuwa na miadi na wachinjaji, na sisi tuliotoka nyumbani na harufu ya biriani tulikutana naye nyuma ya stoo, ndoo ya makoo katikati, kila mtu na wembe wake. Mamangu hakupata kuelewa kwa nini narudi sikukuu nikinuka damu. Lakini kidole changu kilikipata kibonde kile gizani siku kilipotakiwa.

Kuhusu kichwa nitasema kwa ufupi, maana kazi kubwa si yetu. Ubongo ukionekana nje watu hufunika shuka juu wakadhani yamekwisha. Si kila mara. Wapo waliorudi wakitembea. Sisi kazi yetu ni kuulinda ubongo uliobaki, na vinavyoumaliza ni viwili: kukosa hewa na kushuka kwa presha. Kwa mtu mzima hatukubali namba ya juu ya presha iwe chini ya 110, wala oksijeni iteremke chini ya 90 kwa mia hata kwa dakika chache. Kichwa kinainuliwa kidogo, dawa ya degedege inaanzwa, antibiotiki, chanjo ya pepopunda, na hakuna mpira wa puani kwa mtu anayevuja maji puani au masikioni, kwani chini ya fuvu huenda pamevunjika na mpira ukaingia usipotakiwa. Kitu kilichokwama ndani hakichomolewi. Ami alipenda kutusimulia habari za Harvey Cushing, mpasuaji Mmarekani aliyehudumu Ubelgiji mwaka 1917: katika miezi mitatu vifo vya wagonjwa wake wa ubongo vilishuka kutoka takriban 54 kwa mia hadi takriban 29, na moja ya mbinu zake ilikuwa kutumia mpira laini kuvipapasa vipande vya mifupa na kufyonza ubongo uliosagika. Siku hizi wapasuaji hawavifukuzii vipande vilivyozama sana, wameona kuvitafuta huua zaidi. Ami alisimulia hayo huku akitazama kabati letu la mipira ya mkojo, nasi tukacheka.

Safari yenyewe ni tiba au ni maangamizi. Maji yakiwa yamekupwa, ngazi za gati zina ukungu wa kijani na machela inateremshwa kwa kuinamishwa. Anayekaa kwa mbele ashike nini, anayekaa nyuma ashike nini, lazima isemwe kabla. Kwenye boti mgonjwa anawekwa karibu na tezi, upande wa nyuma, maana omoni, kule mbele, boti hupiga mawimbi na kila pigo ni damu. Ng'ambo, Manda, ndege inasubiri. Hapo pana mambo mawili ambayo hakuna aliyenifundisha chuoni. Hewa iliyonaswa hutanuka ndege ikipaa. Mwenye hewa ndani ya fuvu au ndani ya jicho lililotobolewa lazima rubani aambiwe, ili aruke chini au aongeze mgandamizo wa hewa ndani. Na lile puto dogo linaloshikilia bomba la pumzi kooni tunalijaza maji badala ya hewa, lisije likavimba angani likabana koo. Rubani mmoja alinishukuru kwa kumkumbusha, akasema wengi humpa mgonjwa na karatasi tu.

Saa nazo. Ile dawa ya kusaidia damu kuganda, asidi ya traneksamiki, hutolewa gramu moja kwa dakika kumi na nyingine taratibu kwa saa nane, lakini ianzwe ndani ya saa tatu tangu jeraha. Mtu aliyepigwa risasi kwenye msitu wa Boni, saa tatu zake zinaweza kwishia barabarani. Kwa hiyo tuliomba zahanati za bara ziwe nayo, zimchome dozi ya kwanza pale pale, ziandike saa kwenye paji la uso au mkononi kwa kalamu, si kwenye karatasi inayolowa.

Polisi watakuja, na haki yao waje. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, itajazwa. Nguo unazikata bila kupita kwenye matundu ya risasi, unaziweka kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni unaozivundisha. Risasi ikitolewa haishikwi kwa koleo la chuma lenye meno, maana alama zake ndizo zitakazosema bunduki gani. Na usiandike "tundu la kuingilia" na "tundu la kutokea" kama hujui. Andika: tundu, ukubwa huu, mahali hapa, kingo hivi. Mahakamani wakili atakuuliza ulijuaje.

Yule utingo alirudi kutoka Mombasa baada ya wiki kadhaa, taya limeungwa kwa bamba na meno yamefungwa kwa nyaya, juu na chini pamoja. Uso wake ulikuwa mwingine. Katika mji huu mwanamume yupo barazani. Asipokaa barazani baada ya alasiri watu huuliza kama anaumwa. Yeye aliacha. Ndugu zake wakaja kwetu kulalamika kwamba ana kiburi. Nikawasimulia habari za Sidcup, Uingereza, ambako kuanzia 1917 Harold Gillies na wenzake waliwafanyia askari wenye nyuso zilizoharibika upasuaji zaidi ya mara 11,000. Huko viti fulani vya njiani vilipakwa rangi ya buluu, mtu akiona kiti cha buluu ajue anayekikalia anaweza kuwa na uso wa vita, asishtuke. Kaka yake mkubwa akafikiri kidogo, akasema sisi rangi hatuna haja nayo, tutamkalia pembeni tu, na kweli wakawa wanakwenda kumchukua wawili wawili.

Lakini bado ilikuwa aende kwao Faza, na ilikuwa msimu wa upepo wa kusi, bahari imechafuka. Aliyefungwa meno kwa nyaya akitapika hana pa kutolea, atapaliwa na kufa. Kwa hiyo kila anayetoka hospitali na nyaya anatoka na koleo la kukatia, na pale Faza hapafikiki bila bahari. Nikamketisha mamake, nikamwonyesha nyaya zipi zinakatwa, zile zilizosimama zinazofunga juu na chini, mbili kulia, mbili kushoto, kisha ainamishwe mbele. Akakata waya wa mazoezi mara ya kwanza, safi. Halafu akanirudishia koleo. "Mwanangu, mimi mwenyewe bahari hunilewesha nikiiona tu. Nikitapika mimi, huyu atakatwa na nani?" Ikabidi tumfundishe na mdogo wake wa darasa la saba, ambaye hajawahi kutapika baharini na alilisema hilo mara nyingi kuliko tulivyomuuliza, na koleo likafungwa shingoni mwake kwa kamba ya jezi.